Mjadala: Waranti ya bure ya siku 90 baada ya kukagua nyumba, ina faida au ni chambo?

Mnunuzi wa Iwambi

Wakuu, habari za jioni. Baridi ya Juni imetubana huku Mbeya, ila naomba tukune vichwa kidogo.

Nanunua nyumba Iwambi. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati la msauzi, ina kama miaka sita. Mwenye nyumba anahamia Dodoma. Kabla sijatoa hela nataka ikaguliwe, na nimepata watu wawili. Wa kwanza ni mzee mmoja fundi wa majengo, amestaafu. Anataka 250,000, anakuja na ngazi yake, anakuandikia kurasa nne kwa mkono, basi. Hana ahadi yoyote. Wa pili ni ofisi. Wanataka 400,000, ripoti imechapwa vizuri na picha, na juu yake wanakupa "waranti ya bure": ndani ya siku 90 tangu siku ya ukaguzi, kitu walichoandika kuwa ni kizima kikiharibika, wanakitengeneza mpaka kufikia 1,500,000.

Dada yangu yuko Ohio, Marekani. Aliponunua nyumba kule naye alipewa ya siku 90, na anasema wakaguzi wengi wa huko wanaitoa. Ndiyo maana nimevutika. Mke wangu yeye kauliza swali moja tu: nani anailipia?

Kwa sasa mimi naona ina faida. Nipingeni.

Dalali wa Kabwe

Chukua, mkuu. Nimeuza nyumba miaka kumi na moja. Mteja mwenye karatasi ya waranti halali na mawazo, na mwenye nyumba naye anapumua. Tofauti ni 150,000 tu. Kwenye nyumba ya mamilioni unahesabu laki na nusu?

Fundi Paa, Mwanjelwa

Dalali, wewe unachotaka ni asikupigie simu nyumba ikishavuja.

Mkuu wa Iwambi, hebu tuhesabu kwa vidole. Leo ni katikati ya Juni. Siku 90 zinaishia katikati ya Septemba. Mbeya mvua inaanza Novemba na inakwenda mpaka Aprili, saa nyingine inagusa Mei. Kwa hiyo hiyo waranti inazaliwa kiangazi na inakufa kiangazi, haijaonja hata tone moja. Nyumba zetu zinauguaje? Kwa maji. Paa linavuja, maji yanapanda ukutani kutoka kwenye msingi, karo linajaa na kurudisha harufu chooni, ukuta wa uzio unalala. Vyote hivyo vinasubiri masika. Kuanzia Juni mpaka Septemba nyumba yoyote Mbeya ni nzuri, hata yenye bati la geji 30 lililopigwa misumari na mwanafunzi.

Ingekuwa Tukuyu ningenyamaza, maana kule mvua haina likizo. Lakini Iwambi? Mwenye ofisi anayetoa siku 90 mwezi wa sita anajua anachofanya. Muulize kama mwezi wa kumi na mbili anatoa siku hizo hizo.

Mama Kihesa

Kamwene wote. Mimi niko Iringa, na nitamtetea mnunuzi kidogo, maana hapa naona wanaume mmeshaipitisha hukumu.

Nilinunua nyumba Kihesa nikapewa waranti ya miezi miwili. Siku ya arobaini pampu ya kisima ikaungua. Nikawapigia, wakaja kesho yake, wakaniletea nyingine na kuifunga bila kunidai shilingi. Kisima hakijali masika wala kiangazi. Pampu, hita ya kuogea, nyaya za umeme, koki, hivyo vyote vinaweza kufa mwezi wowote. Na mjane kama mimi kupata mtu wa kumpigia simu akapokea, hiyo peke yake ni kitu. Mafundi wetu ukishawalipa namba zao hazipatikani.

Mhasibu mstaafu

Hongera, mama. Lakini kisa kimoja si hesabu.

Tuchukue mfano, namba ni za kwangu za kufikirika. Tuseme katika wateja 20, mmoja tu anapata tatizo linalokubalika ndani ya siku 90, na matengenezo yake ni 400,000. Mzigo huo ukiugawa kwa wote 20, kila mmoja anabeba 20,000. Hiyo ndiyo thamani halisi ya karatasi yenyewe. Hata ukisema ni wawili kati ya 20, ni 40,000. Huyu bwana anaongeza 150,000. Kwa hiyo ama ukaguzi wa ofisi ni bora kwa 110,000 zaidi kuliko wa yule mzee, ama kuna mtu anauziwa neno "bure".

Ile 1,500,000 isikubabaishe. Hicho ni kikomo, si kiasi utakachopewa.

Dada wa Ohio

Kaka kanitumia huu mjadala, naona nimetajwa. Ngoja niseme yaliyonikuta, maana alichukua nusu ya habari.

Kwanza, waranti yangu haikutoka mfukoni mwa mkaguzi. Aliinunua kwa bei ya jumla kwenye kampuni nyingine kabisa, akaiweka kwenye kifurushi chake kama zawadi. Kazi yake iliishia kunikabidhi namba ya simu.

Pili, siku zilihesabiwa tangu ukaguzi. Huku baada ya kukagua unasubiri benki, unasubiri karatasi za umiliki. Mimi ilikwenda wiki sita. Nusu ya waranti imeliwa sijapewa hata funguo. Ziko zenye kipengele cha kukuongezea siku chache baada ya kukabidhiwa, yangu haikuwa nacho.

Tatu, hita ya maji ikafa. Nikapiga simu. Wakataka picha, wakataka makadirio ya fundi, wakataka ripoti ya ukaguzi. Mwisho wakanijibu kwamba ripoti ilisema hita "inakaribia mwisho wa umri wake", kwa hiyo haikuwa imeandikwa kuwa nzima. Nikalipa mwenyewe.

Nne, wiki mbili baada ya ukaguzi nikaanza kupigiwa simu na wauzaji wa kengele za wezi. Nikarudi kusoma makubaliano, nikakuta niliweka sahihi kuruhusu jina na namba yangu wapewe "washirika". Hapo ndipo nilipojua aliyeilipia. Wifi yangu kauliza swali zuri kuliko nyie wote.

Ila nisiwe mchoyo wa haki. Kuna chama cha wakaguzi, InterNACHI, chenye ahadi ya aina nyingine: mkaguzi wao akipitwa na kasoro iliyokuwepo siku ya ukaguzi, ambayo kwa viwango vyao alipaswa kuiona, chama kinainunua nyumba kwa bei uliyonunulia, na muda ni siku 90 baada ya mauzo kukamilika. Nayo ina masharti yake, lakini oneni tofauti. Hii inahusu kosa la mkaguzi. Ya kwangu ilihusu kitu kuharibika baadaye. Tukiziita zote waranti tutaelewana vibaya.

Mkaguzi, Iringa

Mimi nafanya kazi hii na natoa waranti, ya siku 60, kutoka mfukoni mwangu. Sina kampuni nyuma yangu. Mwaka huu nimelipa mara mbili: mara moja koki iliyokuwa inavujia ndani ya ukuta, mara moja mlango wa nyuma. Pesa kidogo, lakini ziliniuma, na kwa sababu ziliniuma sasa napanda darini hata kama mwenye nyumba anasema funguo ya dari imepotea. Mteja akijua mkaguzi wake analipa mwenyewe, amenunua macho makali. Kwa hiyo dada wa Ohio yuko sahihi, waranti ya kununuliwa kwa jumla ni kitu kingine. Lakini msitutupe wote shimo moja.

Fundi Paa, Mwanjelwa

Mkaguzi nakuheshimu. Nikuulize basi: ukiwa unajua utalipia kila ulichoandika "kizima", mkono hauogopi kuandika "kizima"?

Nimeletewa ripoti ya hao wenye picha, nyumba ya Isyesye. Kurasa 22. Nikahesabu mwenyewe: sehemu 14 zimeandikwa "haikuweza kuonekana" au "inahitaji mtaalamu zaidi". Dari haikuonekana. Msingi haukuonekana. Karo halikuonekana. Wameona rangi ya ukuta na vitasa. Hiyo waranti imebaki kufunika nini? Mzee wa ngazi anakuandikia kurasa nne, lakini anakwambia "mbao za upande wa jikoni hazina dawa, mchwa ameshaanza". Mbao zetu nyingi zinatoka Mafinga, na si kila ubao wa kijani umetiwa dawa, mwingine umepakwa rangi tu. Unakata kipande cha mwisho unaangalia ukijani umeingia mpaka wapi. Nani wa ofisini atakata?

Mkaguzi, Iringa

Mkono unaogopa, sikatai. Ndiyo maana mteja aombe kuona ripoti ya nyumba nyingine kabla ya kulipa, ahesabu hayo "haikuonekana". Zikizidi, aondoke.

Wakili, mjini Mbeya

Niongeze la kisheria kwa kifupi, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 25, inasema makubaliano ambayo upande mmoja hautoi chochote ni batili, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa. Moja ni ahadi ya maandishi iliyosajiliwa kati ya ndugu wa karibu kwa mapenzi yao. Mkaguzi si shemeji yako. Kwa hiyo hilo neno "bure" lenyewe linaweza kuja kutumika dhidi yako: "hii ilikuwa zawadi, hukulipia." Dawa yake ni rahisi. Waranti isikae kwenye kikaratasi cha matangazo chenye rangi. Iandikwe ndani ya mkataba ule ule wa ukaguzi, isemwe wazi kwamba ile 400,000 inalipia ukaguzi pamoja na dhamana. Kama kuna kampuni nyingine nyuma yake inayobeba hasara, uliza kama ni ya bima na kama imesajiliwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Na suala la namba za simu alilosema dada: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukiona kipengele cha "washirika" kwenye fomu, kikate kwa kalamu na usaini pembeni. Wakikataa, umeshajua biashara yao ni ipi.

Dalali wa Kabwe

Mnamtisha mnunuzi mpaka nyumba itauzwa kwa mwingine.

Jirani wa Itezi

Iuzwe tu. Aprili 2024 tope lilishuka Mlima Kawetere likafukia nyumba hapa kwetu. Waranti za siku 90 hazikaguli mlima. Mkuu, kabla ya mkaguzi yeyote, nenda kwa majirani watatu wa hiyo nyumba ya Iwambi, waulize mwezi wa pili maji yanapita wapi. Usiende na dalali. Nenda jioni, kaa, kunywa chai ukipewa. Bibi mmoja wa mtaani anajua nyumba kuliko ripoti yenye picha.

Mama Kihesa

Hilo la bibi nakubali. Lakini pampu yangu bado walilipa.

Mnunuzi wa Iwambi

Ndaga fijo kwa wote. Nimefanya kazi za nyumbani, nawaletea majibu.

Leo asubuhi nimeipigia ile ofisi. Nikamwambia dada aliyepokea: waranti nimeipenda, 400,000 naleta leo leo, ombi langu ni moja, siku 90 zianze kuhesabiwa Desemba mosi badala ya leo, na paa liwe ndani. Akaniambia nisubiri. Nikasikia wanaongea. Akarudi: inawezekana, ila ada itakuwa 650,000, na paa litafunikwa kwenye kuziba panapovuja tu, si kubadilisha bati wala dari iliyolowa.

Kwa hiyo siku 90 za kiangazi ni bure, siku 90 za masika ni 250,000. Mhasibu, hesabu zako nimezielewa sasa. Mke wangu kacheka mpaka kamwaga chai.

Ukaguzi wa ofisi sikuukataa kwa hasira, dada wa watu kanijibu kwa ukweli na namshukuru. Ila nimempa kazi mzee wa ngazi. Ile 150,000 iliyobaki nimegawa hivi: boza moja la maji, vijana wawili, na mpira mrefu. Fundi Paa, nilikutumia ujumbe pembeni ukasema inawezekana: Jumamosi tunapanda juu, tunamwagia bati maji kipande kwa kipande, nusu saa kila upande, hasa pale mapaa mawili yanapokutana, huku mzee yuko darini na tochi. Mwenye nyumba amekubali, ingawa aliniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa.

Kwa majirani nimeenda. Wawili wamesema nyumba haina neno. Wa tatu, bibi mmoja, kanionyesha mstari kwenye ukuta wake wa nyuma, kama futi moja kutoka chini, akasema mwaka juzi maji yalifika hapo yakitokea upande wa kwangu. Nimeomba mzee aanzie hapo.