Naomba ushauri: asumini yangu ina majani tele, maua hakuna

Habari zenu ndugu zangu wapenda bustani. Niko Tanga mjini, nyumba ya kupanga, na raha yangu ya jioni ni maua ya barazani. Nina mti wa asumini niliouotesha kwa kipande cha tawi, uko kwenye ndoo kubwa ya rangi iliyotobolewa chini. Umeshika vizuri mno, majani yanang'aa, lakini matumba hayatoki. Msimu wa joto uliopita ulitoa machache, safari hii hata moja.

Jua unalipata asubuhi mpaka kama saa nne, halafu kivuli cha ukuta wa jirani. Namwagilia jioni nikiona udongo umekauka. Mbolea ni samadi ya kuku iliyooza, naweka kila mwezi. Nimechanganya mchanga ili maji yasituame, nikanyunyiza na jivu kidogo, sijaona tofauti. Matawi makavu nimeyaondoa, mabichi naogopa kuyagusa.

Mama yangu anakuja kunitembelea na natamani sana nimtungie kikuba, kile kishada cha kunukia cha asumini na rihani, kwa maua ya hapa hapa nyumbani. Rihani ninayo tayari, imechanua vizuri.

Naomba kujua: samadi ya kuku ndiyo inayosukuma majani na kuzuia maua, niisimamishe? Na matawi mabichi niyakate sasa, au nisubiri mvua za masika? Aliyewahi kulea asumini kwenye ndoo anisaidie tafadhali, hasa kuhusu hilo jua la asubuhi tu. Ahsanteni sana.