Naomba ushauri: kurenda (kompyuta kukokotoa picha za mwisho za katuni) kwenye klaudi, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, au tununue mashine zetu?
Wadau, studio yetu ndogo ya katuni iko hapa Kisumu na tunatumia Blender, programu ya kutengeneza katuni. Dakika moja ya katuni, kwa fremu (picha moja moja) 24 kila sekunde, ni fremu 1,440. Fremu moja ikichukua dakika 10 kurenda, kompyuta moja itafanya kazi saa 240 mfululizo, na mteja hawezi kungoja hivyo. Klaudi ingegawa kazi hiyo kwa mashine nyingi, ila bei ni ya dola, na kupakia faili nzito kwa intaneti yetu kunanitia hofu. Mashine zetu zitataka kadi za grafiki, bili ya stima na feni kwa joto hili. Kazi kubwa hutujia kwa msimu, kwa hiyo naegemea klaudi. Mliojaribu zote mbili, gharama ilikuwaje? Na stima ikipotea katikati ya kazi, mnafanyaje?