Mdogo wangu Moshi anasubiri kupandikizwa uboho, mkewe ameelemewa

Kutoka: kaka, Leeds

Wapendwa salamu. Mdogo wangu yuko Moshi, ana kansa ya damu ile inayokuja kwa kasi, AML. Kemo, zile dawa kali za kansa, ya mwanzo ameshamaliza na majibu ni mazuri, sasa madaktari wanasema bila kupandikizwa uboho itarudi, kwa hiyo tunapanga India. Shemeji yangu ndo yuko nae usiku na mchana na nikimpigia nasikia kabisa kachoka. Sisi tulio nje tunatuma hela ila naona kama tunakwepa. Mliowahi kuuguza mwenza mpaka hapo, tumsaidieje huyu mama kabla ya safari? Dada yetu mmoja yuko Minnesota, wengine wako nyumbani.

Kutoka: dada, Moshi

Kaka pole sana, na mpe pole huyo mwenzangu. Mume wangu aliugua huohuo, tukaenda India tukarudi, kwa hiyo naandika niliyoyaona.

Kipimo cha HLA, kile cha kuona ni nani anafanana na mgonjwa hata amchangie uboho, msikisubirishe. Mliozaliwa baba mmoja mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa na mgonjwa, na grupu la damu sio kigezo, mtu wa A anaweza kumpa wa O. Watoto, wazazi na ndugu wa mama mwingine wanaweza kufanana nae nusu, na siku hizi hospitali nyingi zinapandikiza kwa nusu, kwa hiyo msimwache mtu nje eti huyu ni wa mama mdogo. Mke mara nyingi hafai maana si damu moja, na hilo linauma jamani, unakaa nae kila dakika halafu cha kumpa huna, basi msimwulizeulize "na wewe umepima?". Wewe na dada wa Minnesota pimeni hukohuko mliko ila kwanza mwulizeni daktari atakayepandikiza anataka kipimo cha kiwango gani, msije mkalipa mara mbili.

Vijana wa humu nao wajiandikishe kwenye rejista za wachangiaji uboho, Uingereza shirika la Anthony Nolan wanaandikisha kuanzia miaka 16 mpaka 30, DKMS 17 mpaka 55, Marekani shirika la NMDP 18 mpaka 40, unapangusa shavu kwa ndani na kijiti unarudisha kwa posta basi. Ukijiandikisha unaingia orodha ya dunia nzima, hauwi wa ndugu yako peke yake, lakini fikirini hili: kwa hesabu za NMDP wenyewe Mmarekani mweusi ana nafasi asilimia 29 ya kupata wa kufanana nae, mzungu 79. Sisi hatumo kwenye hizo orodha, na anayetafuta ni mtoto wa mtu.

Hospitali ikidai watu wa kuchangia damu, nyie ndugu wa damu msimtolee yeye kabla hamjaongea na daktari wake, mwili wake unaweza kujifunza kukataa seli za ndugu huyohuyo ambaye kesho ndo mchangiaji. Tafuteni majirani, wanakwaya, wenzake wa kazini.

Sasa lile ninalotaka ulisikie vizuri kaka, ni wageni. Unajua kwetu, mtu akiugua wanakuja, mwezi wa kumi na mbili ndo usiseme, Dar yote inapanda, kila mtu lazima amwone mgonjwa, wanamshika mikono, watoto wana mafua, mmoja anakohoa pale kwenye kochi. Na mgonjwa wa kemo chembe nyeupe za damu zikishuka, mafua ya mtoto yanamlaza wodini na safari inasogezwa mbele. Sasa nani wa kuwazuia? Mke akisimama mlangoni akasema mzee leo usiingie, ashakuwa mwanamke mbaya aliyewatenga ndugu na kijana wao, na hayo maneno yatabaki ukoo mzima hata mgonjwa akipona. Mimi nilisemwa. Kilichonisaidia ni kaka mkubwa wa mume wangu kupiga simu mwenyewe kwa mama mkwe na kwa wazee akasema mimi ndo nimeamua, hakuna kuingia ndani, salamu ni dirishani au kwa simu, mwenye neno anitafute mimi. Siku hiyo nikalala. Wewe ndo mkubwa kwenu, kwa hiyo hiyo simu ni yako na haina gharama, ipige wiki hii kabla watu hawajakata tiketi.

Ukiwapigia waambie na habari ya vyakula, maana ndo wanavyoleta. Kisusio, ile supu ya damu, hapana, mbege hapana, maziwa mgando ya kienyeji hapana, kachumbari hapana, kiporo hapana. Mtori wa moto uliopikwa saa hiyohiyo ni mzuri sana, mayai yaive mpaka kiini kigumu, tunda liwe la kumenya na limenywe na aliyenawa. Unga wa mlonge, mwarobaini na majani ya kuchemsha, hata kama kaleta mchungaji, yaonwe na daktari kwanza, mengine yanagombana na dawa na ini linaumia.

Na homa. Huku kwetu homa ni malaria, mtu anapewa mseto na panadol analala. Kwa huyu sivyo kabisa. Themomita ikae kitandani, ikifika 38 hata saa nane usiku ni hospitali, na panadol asipewe kwanza maana inaficha homa huku maambukizi yanaendelea. Hapo hela zenu zina kazi: kuwe na dereva mmoja anayejulikana, ameshalipwa, simu yake haizimwi, shemeji asianze kutafuta bajaji gizani.

Kutoka: kaka, Leeds

Dada asante sana. Nimempigia mama jana jioni, amelia kwanza, halafu akasema sawa atawaambia wazee yeye mwenyewe. HLA naulizia kesho. Kuhusu safari yenyewe kuna cha kuandaa mapema?

Kutoka: mama, Arusha

Mimi nilimpeleka mume wangu, naongezea kidogo. Meno yaangaliwe sasa, jino bovu ni mlango wa maambukizi wakati wa dawa kali. Kama bado wanataka watoto wamwulize daktari habari ya kuhifadhi mbegu kabla ya dawa za kupandikiza, najua wakubwa wanaona aibu kulitaja ila baada ya hapo mara nyingi ni too late, tena mwulizeni shemeji kwa upole, pembeni, sio kwenye grupu la familia. Chanjo ya homa ya manjano ni chanjo hai, mgonjwa kama huyo hachomwi, kwa hiyo daktari wake aandike barua na muulize ubalozi wa India wanaipokeaje kabla hamjalipia ndege.

Viza ya matibabu ya India ya mtandaoni inaruhusu wasindikizaji wawili, wajazeni wote wawili. Akitolewa wodini watakaa karibu na hospitali, kwa seli za mtu mwingine hesabuni kama siku 100 za mwanzo, kuna kupika, kufua mashuka, kufuatilia vidonge kwa saa, na aliyelala nae usiku lazima mchana alale. Mtu mmoja hawezi. Kama mchangiaji atakuwa mmoja wenu nae anahitaji wa kumwangalia kidogo, asihesabiwe kama msaidizi. Na nyumbani Moshi watoto watabaki na nani, ada ya shule ataifuatilia nani, hilo mkae mlimalize nyie ndugu kwa simu, majina yaandikwe, shemeji apewe orodha iliyokamilika.

Pasipoti za wasindikizaji mkaziombe sasa, msisubiri majibu ya HLA.