Naomba ushauri: nashona vizuri, nataka kuwa mbunifu wa mavazi

Habarini ndugu zangu. Nipo Kirumba, Mwanza, huu mwaka wa 4 nakalia cherehani. Mteja ananionyesha mshono kwenye simu, nampima, nakata, nashona. Sasa natamani kutoa mishono yangu mwenyewe, ila sijajua nguvu yangu iko wapi.

Juzi nilinunua kitenge cha yadi 6 pale Makoroboi, kina maduara makubwa. Nilikesha nakipanga ili duara likatike katikati ya mgongo na nusu zake zikutane kwenye zipu. Zikakutana sawasawa! Dada aliyeivaa nguo hiyo kanisani kaniletea wateja watatu. Nadhani jicho la kitambaa ninalo. Kuchora ndiko kunanishinda, kwa hiyo najaribia kwenye mashuka ya mtumba kutoka Mlango Mmoja.

Wazoefu, asiyejua kuchora anaweza kweli kuwa mbunifu? Nijiunge na chuo cha ufundi cha VETA pale Nyakato, au nitafute fundi mbobezi wa patani (vile vipande vya karatasi vya kukatia kitambaa) nikae chini yake? Na sare za kwaya, ambazo ndizo zinanilipia kodi ya fremu, nizipunguze nipate muda wa kubuni? Hapo ndipo nimekwama zaidi, maana nina watoto wawili.