Uliyehama kizazi cha prosesa, uliona tofauti gani? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Morogoro, na mashine ya kazi ni laptopu ya HP, EliteBook 840 G3, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5-6300U, yaani toleo la kizazi cha 6. Miaka miwili iliyopita ilikuwa nzito mpaka wateja wa CV wakawa wanaondoka. Nikaanza kujichanga ninunue ya kizazi cha 7. Fundi mmoja akaniambia nifungue kwanza Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha mashine inatumika kiasi gani. Prosesa haikufika hata asilimia 20, ila diski ilikuwa 100 na haishuki. Akatoa hadidiski, akaweka SSD (diski ya kisasa yenye kasi zaidi), RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, akaipandisha kutoka GB 4 hadi 8. Tangu hapo mashine ikawa inawaka kabla sijamaliza kufungua madirisha ya duka, na hela ya kizazi cha 7 ikabaki mfukoni.

Sasa Windows 10 imefikia mwisho wa kuhudumiwa tangu 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Safari hii naona SSD haitaniokoa. Mliohama, nipeni ukweli: mliona nini, na mlijutia nini?

Mhariri wa video, Mombasa
Kazi yangu ni video za harusi. Nilikuwa na i7-7500U, nikahamia i5-8250U. Wenzangu walishangaa: "Yaani watoka i7 washuka i5?" Lakini ile i7 ina kori (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) 2 tu, na hii i5 ina kori 4. Harusi niliyokuwa naiacha usiku kucha ijitengeneze, sasa naianzisha baada ya isha na kabla sijalala iko tayari. Ila kuandika barua na kufungua mafaili sijaona tofauti hata kidogo, maana kasi ya kori moja ikikazana ni GHz 3.5 kwa ile ya zamani na 3.4 kwa hii. Kwa laptopu za aina hii, kutoka 6 kwenda 7 kori zilibaki 2. Ni kwenye 8 ndipo ziliongezeka mara mbili.

Mwalimu, Mwanza
Ndugu zangu, msinunue jina la modeli. Niliuziwa ThinkPad T480, muuzaji akaniapia kwamba T480 zote ni kizazi cha 8. Nimefika nyumbani, Windows 11 ikakataa. Kuangalia ndani, i5-7300U. Kumbe modeli hiyo ilitoka na prosesa za vizazi vyote viwili. Nilirudi dukani mara tatu, hela sikurudishiwa, na ilikuwa ya mkopo wa SACCOS. Someni namba iliyo baada ya kistari: 7300 ni kizazi cha 7, 8350 ni cha 8, 10210 ni cha 10. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, nenda sehemu ya utendaji (Performance), chagua CPU, utaiona imeandikwa juu kulia.

Mtengeneza programu, Nairobi
Yangu ni ya mezani. Nilianza na Ryzen 5 1600, prosesa ya AMD badala ya Intel, kwenye madabodi (bodi kuu) ya B450, nikaruka moja kwa moja hadi Ryzen 5 5600. Uzuri wa soketi ya AM4, yaani tundu la kuwekea prosesa, ni huo, imebeba vizazi vingi tangu 2017, kwa hiyo madabodi na RAM zilibaki zilezile. Lakini sasisha BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha mashine, wakati prosesa ya zamani bado iko ndani, la sivyo utaweka mpya na skrini ibaki nyeusi. Niliazima UPS (betri ya akiba ya umeme) ya jirani kwa kazi hiyo, kwa sababu stima ikipotea katikati unaweza kuua bodi.

Kuna jambo lingine ambalo sikuambiwa. Ile gundi ya joto ilikuwa imekauka, na nilipovuta feni juu, prosesa ilichomoka nayo ikiwa imeng'ang'ania, pini zote zikiwa hewani. Pini tatu zilipinda. Nilizinyoosha na ukingo wa kadi ya benki, mikono ikitetemeka. Washa mashine ipate moto kwanza, zima, chomoa waya, kisha zungusha feni polepole kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua.

Mhasibu, Tanga
Mimi bado niko kizazi cha 4, na Linux Mint, mfumo wa bure ninaoutumia badala ya Windows. Hesabu za duka zinakwenda vizuri, sina sababu ya kuhama.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Mwalimu, pole kwa hiyo hela. Mimi ni kuchapa na kuskani tu, kwa hiyo kizazi cha 8 chenye kori 4 kitanitosha, cha 11 na 12 naviacha. G3 nitaiwekea Mint kama ya Tanga, ikae kaunta ya pili. Jumamosi nakwenda Kariakoo. Nitaiwasha mashine hapohapo mbele ya muuzaji, niisome namba kwa macho yangu, ndipo nitoe hela.