MREJESHO: Kamera tatu za harusi, sauti na midomo sasa vinaoana
Wakuu, nilileta shida ya video za harusi za kamera tatu zilizokataa kwenda pamoja. Asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kuzilinganisha kwa mawimbi ya sauti kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Kamera mbili kubwa zilikaa sawa papo hapo. Ya simu ndiyo ilinitesa: ilianza vizuri, halafu ikateleza kidogo kidogo. Aliyesema simu hurekodi kwa kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayobadilikabadilika alikuwa sahihi kabisa. Video yake niliipitisha HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, nikachagua fremu 25 kwa sekunde zisizobadilika, ikatulia mpaka mwisho.

Kipande cha keki kilichorekodiwa bila sauti kimegoma. Nimekipanga kwa jicho nikifuata makofi ya wageni, bado kinachelewa kama fremu mbili. Maharusi wameshapokea kazi yao, wamefurahi.