Naomba ushauri: tangi la samaki wa maji chumvi nyumbani
Habari zenu wakuu. Niko Dar, nimezoea kufuga samaki wa maji baridi, sasa nataka kuanza tangi la maji chumvi la lita 200. Nafikiria kuchota maji Kigamboni, upande wa bahari kuu, maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari. Je, kuyachuja kunatosha, au ni salama zaidi kununua chumvi maalumu na kuchanganya mwenyewe? Na hiyo chumvi mnaipata wapi kwa bei inayoeleweka?

Najua tangi hukaa wiki 4 hadi 6 hivi kabla ya samaki, ili bakteria waweze kugeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali sana. Hapo sina haraka. Kinachoninyima usingizi ni umeme: ukikatika usiku pampu inasimama na oksijeni inashuka. Mnaotumia pampu ya hewa ya betri, inahimili saa ngapi? Na joto la Januari mnalidhibitije lisivuke nyuzi 28? Feni ikipuliza juu ya maji inatosha? Maji yakipungua nitaongeza yasiyo na chumvi, maana chumvi yenyewe haipotei na mvuke.

Matumbawe sitang'oa baharini hata kipande. Samaki wawili watatu wadogo wananitosha kuanzia. Ni samaki gani wagumu, wasiokufa ovyo?